Mama ana presha, wajukuu wanataka mlima: mji wa theluji unafaa wakati wa joto?

"Tunaishi Stuttgart, mimi, mume wangu na watoto wawili, wa miaka 6 na 11. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Tanga. Ana miaka 67 na anameza dawa za presha kila siku, amlodipine pamoja na kidonge cha kuongeza mkojo. Tunatafuta wiki moja ya utulivu milimani na tumeipenda Saas-Fee kule Uswisi. Kwa likizo ya Pentekoste, mwishoni mwa Mei, nyumba za kupangisha ni nafuu sana; Agosti bei inakaribia mara mbili. Rafiki wa mume wangu anasema mji wa kuteleza kwenye theluji ukienda wakati wa joto unaukuta umekufa. Mwingine anasema hewa ya kule ni nyembamba na mtu wa presha anaweza kupoteza maisha. Mama mwenyewe anaogopa baridi na hataki kutuharibia likizo. Nyama anakula ya halali tu. Twende, au tutafute ziwa hapa hapa Ujerumani?"

Dada, nendeni. Ila msiende Mei. Wiki ninayowapendekezea ni ya mwisho wa Agosti au ya kwanza ya Septemba, shule za jimbo lenu la Baden-Württemberg zikiwa bado zimefungwa. Nitaanza na suala la tarehe kwa sababu ni jepesi, halafu tuje kwa mama, maana hapo ndipo maneno ya mtaani yamekuwa mengi kuliko ukweli.

Rafiki wa mumeo hakudanganya, amechanganya tarehe tu. Mji kama Saas-Fee una misimu miwili ya wageni na mapengo mawili. Msimu wa theluji huisha karibu na mwisho wa Aprili. Baada ya hapo magari ya kebo husimamishwa ili nyaya zikaguliwe, breki na magurudumu yabadilishwe, na mafundi wapande juu ya nguzo moja moja. Kazi hiyo haiwezekani abiria wakiwa wananing'inia juu. Wenye hoteli na mikahawa, ambao hawajapumzika tangu Desemba, nao hufunga. Pengo hilo kwa kawaida hufika katikati ya Juni. La pili huanza mwishoni mwa Oktoba na kwisha theluji ikirudi. Atakayefika ndani ya pengo ataukuta mji kama alivyoelezwa mumeo: duka la vyakula, kanisa, mkahawa mmoja au miwili, na madirisha mengi yaliyofungwa. Pentekoste yenu inaangukia humo, na ndiyo sababu ya ule unafuu wa bei.

Mei ina tatizo jingine lisiloonekana kwenye picha za nyumba. Juu ya mita 2,000 na kitu, njia nyingi bado zina mabaki ya theluji. Asubuhi theluji hiyo huwa imeganda na kuwa ngumu kama sakafu, nayo huwa imelala juu ya mteremko. Mtu hakanyagi vibaya kwa uzembe. Kiatu kinakosa mahali pa kushika, basi. Kwa mtoto wa miaka 6 na bibi wa miaka 67, kipande cha mita kumi cha theluji ya namna hiyo kinatosha kuwarudisha nyumbani.

Bei nayo ilinganisheni kwa hesabu kamili. Anayelala katika bonde la Saas hulipa kodi ya utalii kwa kila usiku, na kwa hiyo hupewa kadi ya wageni iitwayo SaastalCard. Wakati wa joto kadi hiyo hufungua mabasi ya njano ya bondeni na karibu magari yote ya kebo, isipokuwa treni ya chini ya ardhi ya kule juu kabisa, ambayo hulipiwa peke yake. Masharti hutangazwa upya kila msimu, kwa hiyo yasomeni ya mwaka huu kabla ya kutoa pesa. Mkienda Mei, kadi haina kebo ya kufungua. Mkienda mwisho wa Agosti, nyumba ni ghali lakini usafiri wa watu watano kwa wiki nzima umo ndani yake, na tiketi za kebo Uswisi si bei ya daladala.

Kwa nini nasema mwisho wa Agosti na si katikati? Watoto wa Valais, jimbo ilimo Saas-Fee, huwa wamesharudi shuleni, na wageni wa Italia, ambao hujaa karibu na sikukuu yao ya tarehe 15 Agosti, wameondoka. Mvua za radi za mchana nazo huanza kupungua. Mtakachokosa ni maua. Malisho ya milimani huchanua zaidi kuanzia mwisho wa Juni hadi Julai, na kufikia Septemba nyasi zimeanza kugeuka rangi ya dhahabu. Kwa mnaotafuta utulivu, naona hiyo ni hasara ndogo.

Sasa mama.

Neno "hewa nyembamba" huwatisha watu kwa sababu hakuna anayewaeleza maana yake. Juu mlimani oksijeni bado ni karibu asilimia 21 ya hewa, sawa na Tanga. Kinachopungua ni mgandamizo unaoisukuma oksijeni hiyo kutoka mapafuni kuingia kwenye damu. Ukihesabu ufukwe kuwa ni 100, Saas-Fee, iliyo mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo ni 80 hivi. Kwenye mita 2,400 ni 75. Kwenye mita 3,500 unashuka hadi 65.

Ziweke namba hizo mahali mama anapopajua. Lushoto iko karibu mita 1,400. Nairobi ni mita 1,700 hivi, na wapo mamilioni ya watu humo, wenye presha wakiwa wengi, wanaokwenda sokoni kila siku. Kulala Saas-Fee, basi, ni kulala juu kidogo tu ya Nairobi. Tena mama ameshafanya jaribio bila kujua: ndani ya ndege ya abiria hewa huwekwa katika kiwango cha kati ya mita 1,800 na 2,400, naye alikaa humo saa nyingi mpaka kufika Ujerumani. Kama alishuka bila kifua kubana na bila kuishiwa pumzi, hiyo ni habari njema. Haichukui nafasi ya daktari, maana ndani ya ndege alikuwa ameketi na mlimani atatembea, lakini ni habari njema.

Mwili unapohisi oksijeni inaingia kwa shida, huamsha mfumo ule ule unaoamka mtu akishtuka: moyo unaenda mbio kidogo, mishipa inajikaza, pumzi zinaongezeka. Kwa hiyo siku mbili au tatu za mwanzo presha inaweza kupanda kidogo hata kwa aliyemeza dawa vizuri, kisha mwili huzoea. Hii ndiyo chembe ya ukweli iliyomo kwenye maneno ya yule rafiki wa pili. Mwenye presha iliyodhibitiwa haitwi mgonjwa asiyeweza kupanda milima ya kadiri. Wa kuogopewa ni yule ambaye presha yake haijashika, na yule anayepuuza dawa kwa sababu yuko likizo.

Wiki mbili kabla ya safari, mpimeni mama nyumbani asubuhi na jioni, akiwa ameketi na kutulia dakika tano, na mziandike namba. Zikiwa chini ya 140/90 mara nyingi, mko pazuri. Zikirudia kuvuka 160/100, safari ingoje mpaka daktari arekebishe dawa. Chukueni mashine hiyo ya kupimia mwende nayo. Dawa ziwe za siku zenu zote na wiki moja ya akiba, zikae kwenye mkoba wa mkononi, na mnakili majina ya kemikali pamoja na kipimo, kwa kuwa jina la kibiashara la Tanga mfamasia wa Uswisi anaweza asilijue.

Kile kidonge cha kuongeza mkojo kinahitaji uangalifu wa peke yake. Hewa ya mlimani ni kavu, pumzi zinatoka kwa wingi, na maji hupotea mwilini bila jasho kuonekana. Ukiongeza kidonge hicho juu yake, mama anaweza kusimama kutoka kwenye benchi akaona kizunguzungu, na ninyi mkadhani ni presha imepanda, kumbe imeshuka na maji yamekauka. Anywe kidogo kidogo mchana kutwa, asisubiri kiu, na asiinuke kwa haraka. Asiache dawa wala kupunguza kwa kujiamulia. Hilo aliulize kwa daktari kabla ya kuondoka.

Kosa jingine linalotokea sana linahusu magoti. Bibi anatembea siku ya kwanza, jioni magoti yanauma, mtu anampa diclofenac au ibuprofen. Dawa za jamii hiyo hupandisha presha, na zikichanganywa na kidonge cha mkojo huzisumbua figo. Paracetamol ni salama zaidi kwake. Bora kuliko yote ni kuyalinda magoti yenyewe. Watu wengi hupanda kwa kebo na kushuka kwa miguu wakidhani wamechagua jepesi. Kupanda huuchosha moyo na mapafu, lakini kushuka ndiko kunakopiga magoti, kila hatua ikibeba uzito wa mwili mzima ukianguka. Mama apande kwa kebo, atembee palipo tambarare kule juu, arudi kwa kebo.

Afike juu kiasi gani? Ugonjwa wa mlima, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi kukataa, kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500, na huja baada ya saa sita hadi kumi na mbili za kukaa huko. Mtu aliyekwenda kwa saa mbili na kurudi kulala chini mara nyingi hukwepa. Siku mbili za kwanza mama abaki mjini. Saas-Fee hairuhusu magari ya wageni ndani. Yote huachwa kwenye maegesho ya mlangoni, na ndani hutembea vigari vya umeme tu. Zipo njia pana zinazokaribia ncha ya barafuto ya Fee, ule mto wa barafu unaoning'inia juu ya mji, na mabenchi ni mengi. Siku ya tatu ashuke nanyi kwa basi hadi Saas-Grund, mpande kebo mpaka Kreuzboden, mita 2,400, kwenye ziwa dogo na uwanja wa michezo wa watoto. Siku ya nne nendeni Mattmark, bwawa lililo mita 2,200 mwishoni mwa bonde. Basi linafika hadi hapo, na njia ya kando ya maji ni tambarare kiasi kwamba mama atatembea nusu saa kwenda na nusu saa kurudi bila kupanda chochote. Kulizunguka ziwa lote ni kilomita 8 hivi, hilo awaachie ninyi. Mkiwa hapo waelezeni watoto kwamba tarehe 30 Agosti 1965, bwawa hili likijengwa, kipande cha barafuto ya Allalin kilivunjika kikafunika kambi ya wafanyakazi. Walikufa 88, zaidi ya nusu wakiwa vibarua kutoka Italia.

Mittelallalin, inakofika ile treni ya chini ya ardhi, karibu mita 3,500, ni shauri jingine. Unapanda kebo hadi Felskinn, halafu treni ya ndani ya mwamba, na ndani ya muda usiofika saa moja umevuka mita 1,700 za mwinuko. Waongoza wageni wa Kilimanjaro husema "pole pole" kwa sababu hiyo hiyo: kufika mwinuko kama huo, kati ya vibanda vya Mandara na Horombo, mpandaji huchukua siku mbili. Kule juu kuna baridi, upepo, na ngazi zinazokatisha pumzi hata za kijana. Ushauri wangu ni kwamba aende baba na mtoto wa miaka 11, siku ya tano, wakae saa moja au mbili na kuteremka. Wewe na mama na mdogo nendeni Spielboden, mita 2,450, walipo mamoti, wanyama wanene wa manyoya wanaoishi mashimoni kama pimbi wakubwa. Wamezoea watu na huchukua karoti na karanga zisizo na chumvi mkononi. Mkate na biskuti msiwape, vinawaharibu matumbo kabla ya usingizi wao mrefu wa majira ya baridi.

Kuna jambo hukuliuliza, lakini kwa familia zetu ni lazima lisemwe: selimundu. Mwenye ugonjwa kamili wa selimundu asipande milimani bila ruhusa ya daktari wake wa damu, hata kwenye mita 2,000, kwa sababu oksijeni ikipungua seli hujikunja na maumivu makali huanza, au bandama huumia. Mwenye kurithi upande mmoja tu, asiyeumwa, kwa kawaida hupita salama, ila mara chache bandama imewahi kuwasumbua watu hao kwenye mwinuko mkubwa. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto kule juu si "kichomi" cha kusubiri kipite. Shukeni mara moja na mwambieni daktari neno "selimundu", kwani daktari wa bonde la Uswisi huenda asilifikirie. Kama hamjawahi kuwapima watoto, kipimo ni rahisi na Stuttgart kinapatikana.

Nani asiende kabisa kabla ya kuonwa na daktari? Mwenye kifua kinachobana akipanda ngazi, aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi miezi ya karibuni, mwenye moyo uliopanuka, mwenye pumu isiyotulia, na mwenye miguu inayovimba bila sababu kujulikana. Kwa mama yako, hata kama hana lolote katika hayo, pangeni miadi na daktari wenu wa familia wiki tatu kabla, mumwambie kwa namba: atalala mita 1,800 na kutembelea hadi mita 2,450. Ukimwambia "tunakwenda milimani" tu hatakuwa na cha kupima.

Baridi anayoiogopa mama inahesabika. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi. Visp bondeni, mita 650, ikiwa na nyuzi 30, Saas-Fee itakuwa na 23, Kreuzboden 19, na Mittelallalin 12 au 13 kabla hujahesabu upepo. Siku ya jua mama atakaa nje na kanga mabegani. Tatizo huja jua likiingia nyuma ya mlima, kwani joto huanguka ndani ya dakika chache, na usiku huweza kuwa nyuzi 6 hadi 10. Mara moja moja, hata Agosti, upepo wa kaskazini huleta theluji mpaka mita 2,000. Msimnunulie koti la theluji. Mvalisheni tabaka: fulana ndefu, sweta la sufu, koti jepesi lisilopenya maji wala upepo, soksi za sufu, kofia. Soksi na kofia ndizo husahaulika, na miguu ya mzee ikipoa, mwili wote unakataa kutoka nje. Viatu viwe na soli yenye meno na vimeshavaliwa angalau wiki mbili. Viatu vipya siku ya kwanza ni malengelenge siku ya pili.

Na jua? Tuna mazoea ya kusema ngozi nyeusi haichomwi. Inachelewa kuchomwa, na hilo si sawa na kutochomwa. Nguvu ya miale huongezeka kwa asilimia kumi hivi kila mita 1,000, na theluji safi huweza kurudisha hadi asilimia 80 yake usoni kutoka chini, mahali ambapo kofia haizuii. Midomo na macho hayana weusi wa kuyakinga. Kila mmoja awe na miwani ya jua inayofunika pembeni, hasa watakaokwenda Mittelallalin. Jicho lililoungua kwa theluji huanza kuwasha jioni kama limeingiwa mchanga, na mtoto hulia usiku kucha.

Radi ipangieni ratiba. Asubuhi jua hupasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, saa sita mchana mawingu meupe hujikusanya juu ya vilele, na kuanzia saa nane au saa tisa yanaweza kunguruma. Tokeni mapema, rudini kwa chakula cha mchana. Kebo husimama ngurumo zikianza, na siku zote husimama jioni. Safari ya mwisho ya kushuka imeandikwa mlangoni. Isomeni mkiwa mnapanda. Aliyeachwa Kreuzboden ana mita 800 za kuteremka kwa miguu, na mnajua magoti ya mama yatasema nini.

Vibao vya njia ni vya njano. Palipo na njano tupu mama anaweza kwenda. Penye mstari mweupe, mwekundu, mweupe panahitaji viatu vizuri na mtu asiyeogopa bonde. Penye bluu muwaachie wazoefu. Muda ulioandikwa ni wa mtu mzima asiyesimama hata kunywa maji, kwa hiyo kwenu uzidisheni mara mbili. Msikanyage barafuto bila kiongozi mwenye leseni, hata kama mnaona nyayo za watu, maana nyufa hufunikwa na theluji. Mito iliyo chini ya mabwawa watoto wasiichezee, hata ikionekana kijito cha kufulia. Bwawa likifunguliwa maji hufika ghafla bila mvua yoyote, na vibao vya onyo vipo.

Jikoni, maji ya Saas-Fee huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Maharage yaliyozoea saa moja na nusu yatadai zaidi ya saa mbili, kwa hiyo yaloweke usiku au mbebe sufuria ya presha. Wali unahitaji maji kidogo zaidi na mfuniko uliobana. Ugali hauna shida. Nyama ya halali ibebeni kutoka Stuttgart, lakini jueni kwamba Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya na forodha inaruhusu kilo 1 ya nyama kwa kila mtu. Watu watano, kilo 5, kwenye boksi la barafu. Zinatosha kwa wiki. Thamani ya bidhaa zote ikivuka faranga 150 kwa mtu, mtalipishwa kodi.

Kwa sababu hiyo hiyo ya Umoja wa Ulaya, simu zenu za Ujerumani huenda zikatozwa pesa nyingi kwa intaneti mara tu mnapovuka mpaka. Ulizeni mtandao wenu kama Uswisi imo kwenye kifurushi. Kama haimo, zimeni data kabla ya Basel. Soketi za Uswisi hupokea plagi nyembamba ya pini mbili, ile ya chaja, lakini plagi nene ya duara ya Kijerumani haiingii. Mashine ya presha ya mama kama inatumia umeme, nunueni adapta.

Viza ya mama haiwazuii. Uswisi imo Schengen tangu 2008, mradi stika imeandikwa kuwa inatumika kwa nchi zote za Schengen na siku zake hazijaisha. Abebe pasipoti yenyewe, si nakala, na watoto zao pia, kwa kuwa polisi hukagua kwenye treni na barabarani, hasa mkirudi Ujerumani. Bima aliyokatiwa kwa ajili ya viza ina kiwango cha chini cha euro 30,000. Isomeni kwa makini vipengele viwili: kama inalipia ugonjwa aliokuja nao, na kama inalipia uokoaji wa helikopta. Ndege moja ya uokoaji hugharimu maelfu ya faranga.

Mkiwa kule, kichwa kikimuuma kidogo siku ya kwanza, apumzike, anywe maji, ameze paracetamol, asipande zaidi. Kisipopoa baada ya kulala, au akitapika, shukeni Visp, kwa sababu hakuna dawa inayoushinda mwinuko kuliko kushuka. Presha ikifika 180/120, mketisheni atulie na mpime tena baada ya dakika tano. Ikiwa bado iko hapo, pigeni simu kwa daktari siku hiyo hiyo. Lakini akiwa na maumivu ya kifua, pumzi fupi akiwa ameketi, uso kupinda, maneno kuvurugika au mkono kulegea, msipime tena wala msishuke wenyewe kwa gari. Pigeni 144, namba ya wagonjwa wa dharura, semeni jina la njia au kituo cha kebo kilicho karibu, na mkae hapo hapo.

Kabla ya kulipia nyumba, muulizeni mwenyewe mambo ambayo tangazo halisemi. Kuna ngazi ngapi kutoka barabarani hadi mlangoni? Nyumba nyingi za pale zimejengwa kwenye mteremko, na ngazi arobaini zenye mizigo ni nyingi kwa mama. Chumba chake kiko ghorofa moja na choo? Kipasha joto huwashwa hata Septemba, au hungoja baridi? Usafi wa mwisho na kodi ya utalii vimo kwenye bei au ni juu yake? Na kebo zipi zitakuwa zinatembea tarehe zenu? Hilo la mwisho muombe akujibu kwa maandishi.